Dume, Jike au Bado Mdogo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sikilidi wa Tangi la Nyumbani

Maswali haya yametokana na mazungumzo ya wafugaji wa samaki wa mapambo wa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, ambao wakikutana mbele ya tangi la mwenzao hawachukui muda kabla mmoja hajauliza: huyu ni dume au jike, na ana umri gani? Sikilidi hulijibu swali hilo kwa kuchelewa, na mara nyingine kwa kudanganya, kwa sababu rangi yake hueleza mambo matatu kwa pamoja, yaani jinsi, umri na cheo chake mbele ya wenzake. Sehemu kubwa ya majibu yanayofuata ni juhudi ya kuyatenganisha mambo hayo matatu.

Sikilidi ni samaki gani, na je, perege wetu yumo?

Yumo. Sikilidi ni ukoo mkubwa wa samaki ambao karibu wote ni wa maji baridi, wanaopatikana Afrika, Madagaska, Amerika ya Kati na ya Kusini, na kwa uchache kusini mwa Asia. Mtanzania anawajua kwa sahani kabla ya kuwajua kwa tangi: perege na sato ni sikilidi, furu wa Ziwa Victoria ni sikilidi, na kuhe wa Ziwa Tanganyika, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote katika ukoo huo, ni sikilidi pia. Mkoa wa Tanga una wake. Perege aitwaye kisayansi Oreochromis korogwe amepewa jina la Korogwe, na alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1955 na mtaalamu Rosemary Lowe, pamoja na nduguye Oreochromis pangani wa Mto Pangani.

Wanaofugwa kwenye matangi ya kioo ni wengine zaidi. Wapo mbuna, yaani samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa. Wapo wa Ziwa Tanganyika wanaotoka upande wa Kigoma. Na wapo wa Amerika, kama vile oska na samaki malaika. Kila kundi lina desturi zake, na kosa la kwanza la mfugaji mgeni ni kuchukua kanuni aliyoisikia kuhusu kundi moja akaitumia kwa jingine.

Nimenunua mbuna wa manjano sita, kila mmoja ana urefu wa sentimita tatu. Madume ni wangapi?

Kwa kuwatazama tu, hakuna awezaye kukuambia. Samaki huyo, Labidochromis caeruleus, ni wa manjano awe dume au jike, na katika urefu huo hata weusi wa mapezi haujakolea. Muuzaji anayekuonyesha kwa kidole kwamba huyu ni jike na yule ni dume, katika umri huo, anakisia. Niliwahi kununua wanane walioapiwa kuwa majike, na baada ya miezi saba nilikuwa na madume sita.

Ndiyo maana wafugaji wengi hununua wadogo sita hadi kumi kwa pamoja, wakawalea, kisha wakapunguza madume yanapojitokeza. Samaki huyu akikomaa hufika sentimita nane hadi kumi. Dume aliyetawala huwa na mapezi ya tumboni na pezi la chini (lile moja lililo nyuma ya tundu la haja) yaliyo meusi tititi, ilhali jike huwa na weusi hafifu au hana kabisa. Hata hivyo jike mbabe naye huweza kuonyesha weusi huo, kwa hiyo dalili hii peke yake haitoshi.

Kwa nini vifaranga wote wanafanana, kisha baadaye wengine wanageuka rangi?

Katika aina nyingi za sikilidi wa Ziwa Nyasa, kifaranga huzaliwa na mavazi ya mama yake. Sababu inayoeleweka kwa urahisi ni usalama: dume mkubwa anayelinda eneo lake humfukuza yeyote mwenye rangi za dume, na kifaranga mwenye sentimita mbili angeonekana kuwa mshindani kabla hajawa na nguvu za kukimbia. Basi dume mdogo hukaa ndani ya rangi za kike mpaka mwili wake utakapoweza kuyatetea mavazi mengine.

Mfano unaoshangaza watu zaidi ni wa mbuna anayeitwa Maylandia lombardoi. Vifaranga wake wote ni wa buluu wenye mistari ya wima iliyokoza. Jike hubaki hivyo maisha yake yote, lakini dume, akifika kama sentimita tano au sita, huanza kupauka, kisha hugeuka manjano. Mfugaji asiyejua huona samaki wake wa buluu wakipungua na wa manjano wakiongezeka, akadhani kuna mtu amemchezea. Kwa Chindongo saulosi mambo ni kinyume: watoto na majike ni manjano, na dume ndiye hugeuka buluu mwenye mistari ya wima myeusi. Naye Melanochromis auratus huanza akiwa manjano mwenye mistari ya ulalo, myeusi kwa myeupe, ambayo jike hudumu nayo, ilhali dume aliyekomaa hugeuka mweusi au kahawia iliyokoza na mstari mwepesi ubavuni. Kwa maneno mengine, hakuna kanuni ya kwamba buluu ni ya kiume na manjano ni ya kike. Ni lazima ujue kwanza jina la aina uliyo nayo.

Sikilidi wa jenasi (yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu) ya Aulonocara ndio wanaohitaji subira zaidi. Wakiwa wadogo, dume na jike ni wa kijivu cha fedha wenye mistari hafifu, na dukani huonekana kama samaki wasio na thamani. Dume huanza kupata rangi usoni na kwenye ukingo wa pezi la mgongoni akiwa na miezi sita hadi kumi, kisha rangi huenea taratibu kuelekea mkiani. Jike hubaki kijivu mpaka mwisho wake.

Je, mabadiliko yote ya rangi yanayoletwa na umri yanahusu jinsi?

La. Wapo wanaobadilika kwa umri tu, dume kwa jike. Tropheus duboisi wa Ziwa Tanganyika, akiwa mdogo, ni mweusi mwenye vitone vyeupe mwili mzima, kama kanga. Akikua vitone hufutika, kichwa huwa na rangi ya samawati, na mkanda mweupe au wa manjano hutokeza ubavuni. Ukimwona mwenye vitone, umejua kwamba ni mdogo. Kuhusu jinsi yake bado hujajua lolote, kwa sababu hata wakubwa wao dume na jike wanafanana sana.

Oska vilevile. Mtoto wa oska ni mweusi mwenye michirizi meupe iliyopinda, na ukimweka kando ya mzazi wake huwezi kuamini kwamba ni samaki mmoja. Kwa mzazi michirizi hiyo hupotea, mwili ukawa wa kijani cha zeituni uliochanganyika na madoa ya chungwa. Dume na jike wa oska hawatofautiani kwa rangi hata kidogo.

Dume wangu alikuwa wa buluu inayong'aa, na sasa ni wa kijivu. Amegeuka jike?

Hapana, ameshushwa cheo. Hili ndilo swali linaloleta ubishi mwingi kuliko yote, kwa hiyo litajibiwa kwa kirefu.

Rangi ya dume wa sikilidi inaongozwa na ubongo na homoni zake, na vyote viwili vinatazama hali ya utawala ndani ya maji. Samaki aliyechunguzwa sana katika jambo hili ni Astatotilapia burtoni wa Ziwa Tanganyika, ambaye Russell Fernald na wenzake nchini Marekani walimfanyia utafiti kwa miaka mingi. Dume mwenye eneo lake ana rangi kali na mstari mweusi unaopita jichoni. Dume asiye na eneo ni wa rangi ya mchanga, na hufanana na jike kiasi kwamba huweza kupita katikati ya wababe bila kusumbuliwa. Mtawala akiondolewa, mnyonge huweza kuvaa rangi za utawala ndani ya dakika chache, na katika siku zinazofuata korodani zake nazo hukua. Akija mwingine mwenye nguvu zaidi, mambo hurudi nyuma.

Kwa hiyo ukimwona dume wako amefifia, angalia kwanza ni nani mpya aliyeingia tangini, au ni nani kati ya wenzake amekua hivi karibuni. Ukiona hakuna mshindani, angalia maji: amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) iliyopanda, joto lililozidi au ugonjwa pia hufifisha rangi. Njia rahisi ya kupata uhakika ni kumtenga peke yake kwa siku chache katika maji safi. Akiwa ni dume mzima asiyeumwa, rangi itarudi.

Wazo la samaki kugeuka jinsi halikutoka hewani, hasa kwa mtu wa Tanga anayeshinda kwenye mnada wa samaki wa Deep Sea. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike na baadaye wengine hugeuka madume, na pono wengi hufanya hivyohivyo. Lakini hao ni samaki wa bahari, wa koo nyingine. Kwa sikilidi wanaofugwa nyumbani, kugeuka huko si desturi. Kuna sikilidi mdogo wa Amerika ya Kusini, Crenicara punctulatum, ambaye kwake jambo hilo limeelezwa, jike mkubwa akageuka dume, lakini huyo si samaki utakayemkuta kwa urahisi. Mara nyingi anayesemwa kuwa ni jike aliyegeuka dume ni dume mnyonge ambaye mkubwa wake amekufa.

Madoa kama mayai kwenye pezi la chini ni alama ya dume?

Ni alama nzuri, lakini isiyo kamili. Tunaposema pezi la chini tuna maana ya lile pezi moja lililo nyuma ya tundu la haja. Katika kundi la mbuna, Aulonocara, furu na jamaa zao, dume huwa na madoa ya mviringo ya manjano au chungwa kwenye pezi hilo, yanayofanana kwa ukubwa na rangi na mayai ya aina yake. Mwaka 1962 mtaalamu Wolfgang Wickler alieleza kazi ya madoa hayo: jike hutaga, hugeuka haraka na kuyakusanya mayai mdomoni, kisha huyafuata yale madoa ya dume akidhani kuna mayai yamesalia, na papo hapo dume humwaga manii, ambayo humfikia jike mdomoni yakarutubisha mayai.

Tatizo ni kwamba majike wengi wa mbuna nao wana doa moja au mawili. Kinachotofautisha ni ukolezo zaidi ya idadi: doa la dume lina ukingo ulio wazi na rangi iliyojaa, na la jike ni hafifu, kama lililofutwafutwa. Kwa kifaranga aliye chini ya sentimita nne usiyahesabu kabisa. Na kwa sikilidi wa Amerika, pamoja na wengi wa Tanganyika wanaotaga juu ya mawe, madoa haya hayapo, kwa hiyo kuyatafuta ni kupoteza muda.

Ni njia ipi basi iliyo ya uhakika?

Kutazama matundu yaliyo chini ya tumbo. Ni kazi inayohitaji mkono mtulivu, na hufaa kwa samaki waliofika angalau sentimita sita au saba.

Usimlishe samaki siku moja kabla. Mtoe kwa wavu, ulowanishe viganja vyako, umlaze chali kwenye kiganja au juu ya kitambaa laini kilichoroweshwa kwa maji ya tangi lake mwenyewe, huku kichwa chake umekifunika ili atulie. Utaona matundu mawili: la mbele, lililo karibu na kichwa, ni la haja, la nyuma, lililo karibu na pezi la chini, ni la uzazi. Kwa dume, matundu hayo yanakaribiana kwa ukubwa, na la uzazi ni dogo. Kwa jike, tundu la uzazi ni pana zaidi kuliko la haja, kwa sababu mayai yatapita hapo, na karibu na kutaga huvimba likaonekana wazi. Usimshike nje ya maji zaidi ya nusu dakika. Siku hizi wengi hupiga picha kwa simu, wakamrudisha samaki majini, kisha wakaikuza picha na kuisoma kwa utulivu, na kwa maoni yangu simu imewaokoa samaki wengi kuliko dawa.

Waliowahi kufuga perege bwawani wataikumbuka kazi hii, kwa maana ndivyo wanavyotenganishwa dume na jike wakifika uzito wa gramu ishirini au zaidi. Tofauti ni kwamba jike wa perege ana matundu matatu, la haja, la mayai na la mkojo, na dume ana mawili, kwa kuwa mkojo na manii hupita njia moja. Baadhi ya wafugaji hupaka tone la wino ili ule ufa wa mayai uonekane.

Jike anayeatamia mayai mdomoni asishikwe kwa ajili ya uchunguzi. Atayatema, na tena hakuna unachotafuta, kwa kuwa amekwisha kukujibu.

Je, mkubwa ndiye dume?

Mara nyingi ndiyo, ikiwa wana umri mmoja na wamekulia tangi moja. Usiwalinganishe samaki walionunuliwa kwa nyakati tofauti, kwa sababu ukubwa unategemea chakula, nafasi na maji kama unavyotegemea umri.

Ziwa Tanganyika lina mifano ya pande zote mbili. Lamprologus callipterus hukusanya makombe matupu ya konokono kwa mdomo na kuyarundika katika eneo lake, na majike huingia ndani yake kutaga. Dume hana budi kuwa mkubwa ili abebe kombe, na jike hana budi kuwa mdogo ili aingie. Matokeo yake ni dume mwenye uzito unaozidi wa jike mara kumi na mbili au zaidi. Mtu akiwaona kwa mara ya kwanza humdhani jike kuwa mtoto. Kinyume chake ni Julidochromis marlieri, ambaye kwa kawaida jike ndiye mkubwa na ndiye mbabe, na ukifuata kanuni ya ukubwa utawapanga wote kinyumenyume.

Kuna aina ambayo jike ana rangi nzuri kuliko dume?

Zipo. Pelvicachromis pulcher wa Nijeria na Kameruni ana jike mfupi, mwenye tumbo la mviringo la waridi iliyokolea, na dume mrefu mwenye mapezi yaliyochongoka. Sikilidi wa mistari wa Amerika ya Kati, Amatitlania nigrofasciata, vivyo hivyo: jike ana magamba ya rangi ya chungwa tumboni, na dume hana.

Mbuna wangu mmoja ana mabaka meusi juu ya rangi ya chungwa, na wenzake ni wa buluu. Ni aina nyingine?

Huenda ni aina ileile. Katika Ziwa Nyasa, Maylandia zebra na jamaa zake kadhaa wana majike wa namna mbili, wa kawaida na wa mabaka. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kinasaba kinacholeta mabaka kimekaa karibu na kile kinachoamua jike, kwa hiyo mwenye mabaka karibu daima ni jike. Dume wa mabaka yupo lakini ni adimu, na huwa na mabaka juu ya rangi ya samawati. Tahadhari moja: samaki wa mabaka wa jenasi ya Aulonocara wanaouzwa kwenye maduka ni machotara waliotengenezwa na wafugaji, na kwao kanuni hii haitumiki, kwani wenye rangi kali kati yao ni madume.

Samaki malaika wangu wawili wametaga, lakini mayai yote yamegeuka meupe.

Yawezekana una majike wawili. Samaki malaika, Pterophyllum scalare, hawatofautiani kwa umbo wala kwa rangi, na majike wawili wasio na dume huweza kuungana, wakasafisha jani au kioo, wakataga kwa zamu na kuyalinda mayai kwa bidii isiyo na faida. Subiri watakapojiandaa tena kutaga, utazame kijineli (kimrija cha uzazi) kinachotokeza chini ya tumbo: cha jike ni kinene na butu, cha dume ni chembamba kilichochongoka na kuelekea mbele. Wapo pia madume wachanga ambao hushindwa kurutubisha mara ya kwanza na ya pili, kwa hiyo mpe nafasi kabla ya kumhukumu.

Nundu kichwani ni ya dume?

Kwa Cyphotilapia frontosa wa Tanganyika, dume na jike wote huota nundu, ya dume ikiwa kubwa zaidi, na kwa wote huongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo jike mzee huweza kuwa na nundu kubwa kuliko dume kijana. Samaki huyu hukua polepole mno, na mwenye umri wa chini ya miaka miwili hapaswi kusemwa jinsi yake kwa kutazama kichwa. Kwa sikilidi wengi wa Amerika nundu ni ya madume, na hutuna zaidi msimu wa kuzaliana.

Nitajuaje umri wa samaki niliyempata akiwa mkubwa?

Wataalamu husoma miviringo ya magamba au vijiwe vya sikioni, kama mkata miti anavyosoma pete za gogo, lakini vijiwe hupatikana kwa samaki aliyekufa, na katika maji ya joto la mwaka mzima miviringo hiyo haisomeki kwa urahisi. Nyumbani hubaki kukadiria. Kijana ana macho makubwa ukilinganisha na kichwa, mapezi mafupi ya mviringo, na rangi ambayo bado haijafika mkiani. Aliyekomaa ana mapezi ya mgongoni na ya chini yaliyorefuka na kuchongoka, hasa akiwa dume. Mzee hukonda mgongoni, uti wake hupinda, rangi hupauka hata asipokuwa na mshindani, na hula akiwa wa mwisho.

Mbuna waliotunzwa vizuri huishi miaka mitano hadi minane, na wengine hufika kumi. Oska hufika kumi na zaidi. Frontosa huweza kuvuka kumi na tano, kwa hiyo anayemnunua akiwa na watoto wa shule ya msingi ajue samaki huyo huenda akawaona wakimaliza chuo.

Umri tofauti katika tangi moja si ubaya kila mara. Neolamprologus pulcher huishi kwa jamaa, na wadogo waliotangulia kuzaliwa husaidia kuwalinda na kuwapepea wadogo zao badala ya kuondoka. Ukiona samaki wa ukubwa wa namna tatu wakilinda pango moja, usiharakishe kuwatenganisha.

Jike anaanza kuatamia akiwa na umri gani, na ataatamia kwa siku ngapi?

Mbuna wengi huanza kati ya miezi sita na kumi. Utamjua kwa kidevu kilichoshuka, mdomo usiofunguka vizuri, na kukataa chakula. Ataatamia kwa majuma matatu hivi, akiwahi kidogo maji yakiwa ya moto, na vifaranga watatoka wakiwa na urefu wa kama sentimita moja. Majike wachanga mara nyingi huyameza au kuyatema mayai ya kwanza. Hilo halina tiba ila kusubiri uzazi wa pili au wa tatu.

Joto la Tanga linabadilisha uwiano wa dume na jike?

Kwa baadhi ya aina, joto la siku za kwanza za maisha lina nguvu. Vifaranga wa sato wakilelewa katika nyuzijoto 36 hivi hutoa madume wengi kuliko kawaida, na sikilidi wadogo wa Amerika wa jenasi ya Apistogramma huongeza madume maji yanapokuwa ya moto. Kwa Pelvicachromis pulcher, maji yenye asidi ndiyo yanayoelekea kuongeza madume. Mbuna huamuliwa hasa na vinasaba, ingawa vinasaba hivyo havifuati njia moja kwa kila aina.

Pwani yetu ina nafasi ndogo katika historia ya elimu hii. Mwaka 1960, mtaalamu wa samaki C. F. Hickling alieleza majaribio yaliyofanyika Malacca, katika Malaysia ya leo, ambako majike wa perege wa Msumbiji walipandishwa na madume wa asili ya Zanzibar, na watoto wakatoka karibu wote madume. Perege huyo wa Zanzibar ndiye yule yule wa Mto Wami, kusini kwetu.

Kuhusu tangi lako, miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, maji ndani ya chumba kisicho na hewa huweza kupita nyuzijoto 30. Hofu kubwa hapo iwe oksijeni kuliko uwiano wa jinsi, kwani madume hugombana zaidi na pumzi ni haba. Ongeza pampu ya hewa, fungua kifuniko na punguza chakula.

Wadogo wa sentimita nne wanaouzwa wakiwa na rangi kamili, niwaamini?

Kuwa na shaka. Kuna wanaowalisha samaki homoni za kiume ili wapate rangi mapema, na jike aliyelishwa hivyo huvaa rangi za dume. Homoni ikikatika, rangi hufifia kwa majuma kadhaa, na uwezo wake wa kuzaa huenda umeharibika. Dalili kubwa ni sanduku zima la Aulonocara wadogo, wote wang'avu, bila hata mmoja wa kijivu. Katika uzao wa kawaida jambo hilo haliwezekani.

Nimebaki na madume watano na majike wawili. Nifanye nini?

Majike hao watachoshwa mpaka wafe. Kwa mbuna, dume mmoja apate majike watatu au wanne kwa uchache, pamoja na mawe ya kutosha ya kujificha; mawe ya chokaa au ya tumbawe yaliyooshwa vizuri hufaa, kwani huyapa maji ugumu na alkali wanayoipenda samaki wa Ziwa Nyasa. Usitumie mawe hayo kwa samaki malaika.

Madume wa ziada wasiachiwe Mto Zigi wala Mto Pangani. Mito hiyo ina perege wake wa asili, na sikilidi wageni hushindana nao, au huchanganyika nao damu pale wanapokuwa jamaa wa karibu. Wape wafugaji wenzako au wauze, lakini kabla ya kumwita mnunuzi, mweke kila dume peke yake katika chombo chenye pango moja na maji safi kwa juma zima. Yule aliyekuwa wa kijivu nyuma ya filta, akiogopa hata kula, huenda ndiye atakayetoka na buluu kali kuliko wote, na bei yake itabadilika.